Viboksi vyangu vya majani Kibosho, wiki ya 14

Haya wadau, mlokuwa mnauliza viboksi vimefikia wapi, vile vipande vya majani nilivyozungushia kamba nijaribie mbolea, vipo, isipokuwa kimoja kimeliwa. Nitafika huko.

Kwa wapya: mi ni mgumu, yaani mpagazi, nabeba mizigo njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, na kila nikipita kambi ya Shira kule mita 3,800 hivi nilikuwa naona pale maji ya vyombo yanapomwagwa majani yamenenepa kuliko ya pembeni ila vile vimaua vidogovidogo hamna. Sasa hifadhini huwezi kwenda kumwaga mbolea ati unajaribu, watakutoa mbio, ikabidi nihamie kihamba cha bibi, shamba la nyumbani, kule Kibosho chini ya mlima, kile kipande cha juu anachokata majani ya ng'ombe. Najua Kibosho sio Shira. Kule baridi inafanya mabaki ya majani yaoze polepole mno kwa hiyo naitrojeni inabaki imefungiwa humohumo, mimea imezoea njaa, inakua mdogomdogo, na ukija kuishibisha ghafla wanaofaidi ni wale wenye mbio tu. Nilitaka nione hizo mbio kwa macho.

Viboksi vilikuwa 8, mita kwa mita, kamba ya katani na vijiti. Viwili sijagusa, viwili urea, viwili TSP (mbolea ya fosforasi), viwili vyote pamoja. Urea gramu 22 kila kimoja, maana ina naitrojeni asilimia 46 so inakuja kama gramu 10, nilipimia mizani ya duka la mangi akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Mara ya kwanza nikaimwaga saa saba mchana jua linawaka, majani yakaungua ncha zote, nikasubiri mvua nikaanza upya. Nilichemka kweli.

Sasa hivi vya urea nyasi zinanifika magotini. Bibi anafurahi. Lakini piga magoti uzipanue uangalie chini, aisee, klova, kale kamea ka jamii ya kunde, imebaki vijiti vya njano, na kale kamea ka maua ya zambarau sikaoni tena. Vya TSP ni kinyume, klova imetanda kama mkeka, na inaeleweka, yenyewe naitrojeni inajitengenezea na bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi, ilichokosa ni fosforasi. Ukimwaga urea unampa jirani bure kile klova ilichokuwa inajivunia.

Nilidhani urea ndo inaiua klova, kama sumu. Kumbe Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kule Uingereza, wana shamba la majani wanaliwekea mbolea tangu 1856, sehemu zisizowekwa kitu zina aina nyingi za mimea, zilizoshindiliwa mbolea ya amonia zimebaki na aina chache mno, kule udongo wenyewe umegeuka tindikali kwa hiyo sababu sio moja. Ila kilichonigusa ni watafiti wa Uswisi, 2009, waliweka taa chini ya nyasi zilizopewa mbolea na vile vidogo havikupotea. Yaani ni kiza! Mkubwa anakuzibia jua basi.

Mi taa sina na umeme wa kihambani mnaujua wenyewe, so wiki ya 9 nikachukua waya, nusu ya kiboksi kimoja cha urea nikazilaza nyasi pembeni nikazifunga kama nywele. Jumamosi nimehesabu, nusu iliyofungwa klova imetoa majani mapya, nusu nyingine kiza kilekile. Kiboksi kimoja tu hicho, sijaanza kutamba.

Nilitaka nirudie kwenye kile cha vyote pamoja, ndo kilikuwa kirefu kuliko vyote, nafika nakuta kimefyekwa hadi chini, kamba imekunjwa vizuri imewekwa juu ya jiwe.

"Bibi, si nilikuambia hapa pana utafiti?"

"Mjukuu wangu, ng'ombe hajui utafiti, anajua njaa."

Nikacheka tu. Nimebaki na 7, nafunga nusu ya kile cha urea cha pili kabla masika haijakolea, na bibi kakubali asikate mpaka nipime, ila kila nikitoka mlimani nianze na mzigo wa majani ya ng'ombe kwanza.