Siku moja maishani mwangu: fundi wa vipande vya ngozi

Ukisema unafanya kazi maabara, watu wanadhani unatoboa vidole. Mimi mgonjwa simwoni. Naletewa kipande chake kwenye fomalini, nakikata, nakipaka rangi, kisha bingwa wa patholojia anakisoma.

Saa 1:00 asubuhi natoa vipande kwenye mashine vilikolala usiku kucha na kuvigandisha kwenye nta. Saa 3:00 nakata, unene maikroni 4 (elfu nne tu za milimita), feni imezimwa. Upepo kidogo tu, utepe umeruka.

Saa 5:00, rangi. Kuna kipande cha kutoka mkoani, fomu imeandikwa "ngozi, ?ukoma", basi. Angalau kimekatwa hadi kwenye mafuta. Vya juujuu huwa havina neva za kutosha, na ukoma hushambulia neva. Bakteria wa ukoma hupoteza rangi upesi kuliko wa kifua kikuu, kwa hiyo badala ya Ziehl-Neelsen, rangi ya kawaida ya kifua kikuu, tunatumia Fite-Faraco: nta inatolewa kwa zailini iliyochanganywa na mafuta ya karanga, na asidi ya kuondolea rangi inakuwa hafifu. Ndiyo, karanga. Wageni wakiona chupa hucheka.

Saa 8:00 bingwa ananiita nichungulie. Vinundu vya chembe za kinga vimevamia neva ndogo. Bakteria, hakuna hata mmoja. "Mpigie daktari wake, nataka maelezo."

Hapo ndipo siku ilipoliwa. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili, yuko wodini. Ya tatu:

"Sasa dada, si ndiyo maana nimewaletea kipande? Nyie ndio mna hadubini."

"Sawa dokta, lakini hadubini haihesabu mabaka. Yako mangapi?"

"Kama matatu... ngoja, yupo hapa, avue shati."

Nasubiri. Salio ni langu.

"Saba, dada. Mengine yako mgongoni."

"Ganzi?"

"Pamba haisikii. Na neva ya kiwiko cha kushoto imenenepa. Mimi niliona ni ukoma wa aina ya tuberkuloidi. Bakteria mmepata?"

"Hapana."

"Basi si ukoma!"

Nikampa bingwa simu. Akamweleza taratibu kuliko ambavyo ningeweza mimi: upande huo wa ugonjwa bakteria ni haba, kutowaona hakufuti ukoma, neva iliyovamiwa inatosha kushuku, na ganzi imemaliza ubishi. Kwa mgawanyo wa aina za ukoma wa Ridley na Jopling wa 1966, slaidi ni tuberkuloidi ya mpakani, si kamili, yaani imeanza kusogea kuelekea ukoma wa bakteria wengi. Jicho la daktari na slaidi hupishana zaidi hapo katikati, maana ugonjwa wenyewe hautulii. Na dawa? Mabaka yakizidi matano ni miezi 12 ya rifampisini, dapsoni na klofazimini, bure. Yangebaki yale matatu, kwa hesabu ya mabaka pekee angeandikiwa miezi 6.

Saa ngapi hapo sijui, kantini ilishafunga. Nina vioo vya kuosha, vipande vya kesho havijaingia mashineni, na fomu ya dokta nimeijaza mwenyewe kwa peni nyekundu: mabaka 7, ganzi, neva ya kiwiko kushoto.