Mbio za hisani: ni shilingi ngapi inayomfikia mhitaji?

Matangazo mengi ya mbio za hisani huanza na fulana. Fulana, medali, msanii atakayetumbuiza, halafu chini kabisa mstari mmoja: mapato yatasaidia wenye uhitaji. Mstari huo wa chini ndio sababu ya shughuli nzima, na ndio usio na hesabu. Anayetaka kuandaa mbio, matembezi au bonanza la kuchangia watoto, wazee au watu wenye ulemavu aanze kwa kuukokotoa mstari huo kabla hajampigia mchapaji simu.

Tuchukue mfano wa mbio za kilomita 10 na matembezi ya kilomita 5 katika mji kama Morogoro, washiriki 600, ada shilingi 25,000. Bei zinabadilika, kwa hiyo weka za kwako, lakini njia ya hesabu ni hii. Makusanyo ni 15,000,000. Sasa toa: fulana 11,000, medali 4,500, namba ya kifuani na pini zake 1,200, maji 1,500. Kila mshiriki amekula 18,200, na wote 600 wamekula 10,920,000. Bado gari la wagonjwa, jukwaa na spika, vyoo vya kukodi, ulinzi na matangazo, tuseme 3,500,000. Kinachobaki ni 580,000. Haifiki hata shilingi elfu moja kwa kila mtu aliyelipa elfu ishirini na tano akiamini anamchangia mtoto mgonjwa. Hapo hakuna aliyeiba. Fedha imeishia kwenye kitambaa na bati.

Geuza mpangilio. Ada iwe 15,000 bila fulana wala medali, na anayetaka fulana ainunue kando kwa 18,000, kwa oda iliyolipiwa kabla. Namba, pini na maji ni 2,700 kwa mtu, kwa hiyo kila ada inaacha 12,300, na kwa watu 600 hiyo ni 7,380,000. Wakinunua fulana watu 250, hata kama kwa idadi hiyo ndogo mchapaji atapandisha bei hadi 12,000 kwa moja, faida ni 1,500,000. Jumla 8,880,000. Ukikosa wadhamini kabisa na ukalipa zile 3,500,000 mwenyewe, bado zinabaki 5,380,000, zaidi ya mara tisa ya hesabu ya kwanza. Kuna watu hawatakuja kwa sababu hakuna medali. Ni kweli. Lakini wakija 400 tu na fulana isinunuliwe hata moja, baada ya gharama zote zinabaki 1,420,000, na hiyo nayo ni zaidi ya mara mbili ya 580,000.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni moja: ada ni ya mhitaji, gharama ni za mdhamini. Mwenye duka la vyakula atoe maji, mwenye ukumbi atoe viti na spika, hospitali ya karibu itoe wauguzi na gari. Omba vitu kabla ya kuomba fedha taslimu, maana mfanyabiashara wa mjini hutoa katoni za maji kwa moyo mwepesi kuliko shilingi laki tano. Barua ya kuomba udhamini ipelekwe miezi minne kabla, kwa sababu kampuni nyingi hupanga bajeti ya kusaidia jamii mapema na maombi ya mwezi wa mwisho hukuta fungu limekwisha. Nembo ya mdhamini isichapwe mahali popote kabla fedha haijaingia benki. Kosa hili linarudiwa kila mwaka: fulana imetoka na nembo sita, waliolipa ni watatu, na mwandaaji hana tena cha kumbana mdeni wake.

Zawadi za fedha kwa washindi ningeziondoa kabisa. Zikiwa nono zinavuta wakimbiaji wa kulipwa, na wao wana haki ya kudai njia iliyopimwa sawasawa, waamuzi na muda usio na ubishi. Kupima njia kwa kiwango rasmi hufanywa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio cha Jones, kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Kilomita 10 hutandazwa kama mita 10,010. Simu ya mkononi haipimi hivyo. Kama huna uwezo huo, tangaza waziwazi kuwa ni mbio za kujifurahisha na kuchangia, na mshindi apewe kikombe.

Sasa mhitaji mwenyewe. “Kusaidia jamii” si lengo, kwa sababu haliwezi kukaguliwa. Angalia shughuli zilizodumu: Mater Heart Run ya Nairobi inajulikana kwa upasuaji wa moyo wa watoto. CRDB Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imejenga jina kwa matibabu ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI, GGM Kili Challenge, kulianza 2002. Kampeni ya Beyond Zero ya Kenya, ya mwaka 2014, ilikuwa na lengo ambalo mtoto wa shule angeweza kulihesabu: kliniki moja inayotembea kwa kila kaunti, na kaunti ni 47. Mbio za mtaa nazo ziwe na kipimo cha namna hiyo. Bima ya afya ya mwaka mzima kwa watoto kadhaa wa kituo fulani, fimbo nyeupe kwa wasioona na mafunzo ya kuitumia, au mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino wa kata tatu. Mafuta hayo yanahitajika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo ukichagua hilo panga ugavi wa mwaka. Katoni moja ya kupigia picha haimkingi mtu na jua la miezi kumi na miwili.

Orodha ya watakaosaidiwa itengenezwe na afisa ustawi wa jamii pamoja na serikali ya mtaa, kisha watu wawili wa kamati waihakiki kwa kufika nyumbani. Orodha ya mwenyekiti peke yake mara nyingine huwa na jamaa zake, na kimya cha majirani kisikudanganye.

Sehemu ya mapato inayokwenda kwa mhitaji itajwe kabla ya kuuza namba ya kwanza. Wakubwa nao wamejikwaa hapa. Mechi ya kufungua msimu wa soka Uingereza, iliyochezwa tangu 1908 kwa jina la Ngao ya Hisani, ilibadilishwa kuwa Ngao ya Jamii mwaka 2002 baada ya tume inayosimamia mashirika ya hisani kukuta chama cha soka hakikueleza ni kiasi gani cha fedha za tiketi kinakwenda kwa wahitaji, na kwamba malipo yalicheleweshwa. Kama ni mechi mnaandaa, ongeza swali jingine: makato ya mlangoni ni yapi na nani anayachukua? Pata jibu kwa maandishi kabla ya kuchapa tiketi.

Fedha iingie njia moja tu: lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, inayomwagika kwenye akaunti ya benki yenye watia saini wawili wasio ndugu. Namba ya simu ya katibu isitumike hata siku moja, hata kama katibu ni malaika, kwani michango ikichanganyika na fedha zake za matumizi hakuna mkaguzi atakayezitenganisha. Anayelipa taslimu apewe risiti kutoka kitabu chenye namba mfululizo. Kila jioni linganisha: namba za kifuani zilizotolewa, toa zilizogawiwa bure kwa wageni na wadhamini, lazima zilingane na malipo yaliyoingia. Ukiacha wiki moja bila kulinganisha, tofauti ya watu kumi inakuwa ya arobaini na hakuna anayekumbuka.

Nguvu kubwa tuliyonayo, hasa Dar es Salaam na miji ya jirani, ni klabu za jogging. Hizi haziji kwa tangazo la mtandaoni. Zinakuja kwa mwaliko, na mwaliko una deni lake. Ukitaka klabu ishirini kwenye shughuli yako, nendeni kwanza kwenye shughuli zao mkiwa na sare zenu. Kiongozi wa klabu akikusanya ada za watu wake ishirini na kulipa kwa pamoja, mpe nafasi ya ishirini na moja bure. Ni nafuu kuliko matangazo ya redio.

Njia ya Ulaya ya kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita mtu atakayokimbia haijakaa vizuri kwetu. Watu wetu wanajua kadi ya mchango na kundi la WhatsApp la harusi. Tumia hilo: kila mkimbiaji anayetaka apewe lengo la shilingi 200,000 akusanye kwa ndugu na wafanyakazi wenzake, wote wakilipa moja kwa moja kwenye lipa namba na kuandika namba yake ya kifuani. Ahadi zinazotolewa jukwaani kipaza sauti kikiwa wazi zisiingizwe kwenye bajeti; hesabu kilicholipwa tu.

Tarehe nayo ina mitego. Masika ya Machi hadi Mei, mwezi wa Ramadhani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ni ya usafi, na Jumapili njia inapopita mbele ya kanisa. Taarifa kwa polisi kisheria ni saa 48 kabla, lakini hiyo isikudanganye. Askari wa usalama barabarani wanahitaji wiki tatu kupangiwa, na njia ikipita barabara kuu kuna ofisi nyingine za kuziona. Ita pia chama cha riadha cha mkoa mapema. Wiki moja kabla, siku ileile na saa ileile ya mbio, tembea njia nzima kwa miguu ukihesabu kila kichochoro kinachoingiza bodaboda. Kila kimoja kinahitaji mtu wa kusimama. Mzunguko wa kilomita 5 unaokimbiwa mara mbili huokoa karibu nusu ya watu hao, ila wakimbiaji wa kasi watawakuta watembeaji kwenye raundi ya pili, hivyo watembeaji wabaki upande wa kushoto na waambiwe hivyo kabla ya kuondoka.

Anzeni saa 12 na nusu asubuhi. Si saa 2, na asisubiriwe mgeni rasmi. Aje kukabidhi vikombe. Kila dakika ya kumngoja inamsogeza mtembeaji wa mwisho kwenye jua kali, na wa mwisho ndiye mama mwenye mtoto au mzee. Huyohuyo ndiye anayekuta maji yamekwisha. Kwa watu 600, mililita 150 kila mmoja ni lita 90 kwa kituo kimoja. Zidisha mara moja na nusu kwa wanaojimwagia na wanaochukua vikombe viwili, upate lita 135, yaani madumu saba ya lita 20 na vikombe 900. Robo ya maji ifungiwe na isiguswe hadi nusu ya watu wamepita.

Watu huanguka zaidi karibu na mwisho, kwa sababu hapo ndipo wanapojilazimisha. Gari la wagonjwa likae hapo, na lisiondoke kubeba spika. Aliyepandwa na joto, anayeyumba, anayeongea ovyo, apozwe papo hapo kwa maji mengi na barafu mwili mzima, kisha ndipo apelekwe hospitali. Kumpakia kwanza na kumpoza baadaye kunaweza kumgharimu maisha.

Wale tunaowachangia wawe pia ndani ya mbio. Viti vya magurudumu viondoke dakika kumi kabla, kwani kwenye mteremko vina kasi kuliko miguu, na njia yao isiwe na matuta ya mfululizo. Mkimbiaji asiyeona na mwongozaji wake washike kamba fupi, na mwongozaji asimvute. Wapeni namba mbili, ada moja. Lakini mtoto asipandishwe jukwaani kueleza ugonjwa wake ili watu watoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, mtoto huyo kesho anarudi darasani na wenzake wameiona video.

Hundi ya mfano ikishapigwa picha, kazi ndiyo inaanza. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa hospitali, kwa mfuko wa bima au kwa muuzaji wa vifaa, na ndani ya siku 30 kila aliyelipa ada apokee ujumbe mfupi wa simu wenye takwimu nne: kilichokusanywa, gharama zilizobebwa na wadhamini, kilicholipwa, na idadi ya watu waliofikiwa. Kama bei ya matibabu ilishuka au mgonjwa mmoja alipata msaada kwingine, kutakuwa na salio. Andikeni tangu mwanzo, kwenye makubaliano na taasisi inayopokea, salio hilo linakwenda kwa nani anayefuata kwenye orodha na nani anasaini kulitoa.