Mama na kikaratasi chake

Jamani, majibu ya mama yametoka leo.

Tangu mwaka jana alikuwa anapata shida kukojoa, usiku anaamka mara 5, mara 6. Kule Kondoa tumetibu yutiai mpaka tukachoka. Utrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kibofu cha mkojo. Na ukisikia uvimbe, unawaza kitu kimoja tu.

Hapa Dodoma wakapitisha kamera kwenye njia ya mkojo. Daktari akasema juu ni laini, ngozi ya kibofu haijachubuka, ila kwa macho tu hawezi kuapa. Wakaukwangua humohumo bila kupasua tumbo, vipande vikaenda maabara.

Leo asubuhi katusomea: leiomayoma. Uvimbe wa misuli, ndugu yake na ile faiburoidi ya kizazi. Si saratani. Ni nadra mno, katika uvimbe 100 wa kibofu huu haufiki hata 1.

Mimi machozi. Mama kimya.

Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kumbe alimwandikisha mjukuu wake nani achukue mbuzi yupi akifa! Akakichana palepale, vipande akavirudisha kwenye fundo, akafunga.

"Mbuzi wangu bado wangu," akamwambia daktari.

(Nimechungulia. Mimi nilipewa yule kilema.)

Turudi baada ya miezi 3 kuangaliwa tena. Mliowahi kuuguza mtu wa hivi, mlirudi mara ngapi?