Asante daktari, kwa kupima

Njoro, Jumapili jioni

Wazee wa huku bado hulizungumzia josho, birika la dawa ya kuua kupe. Kila wiki ng'ombe wa kijiji kizima walipitishwa mle, na dawa ilikuwa ya serikali. Miaka ya 1990 majosho yakaachiwa kamati za wanakijiji, na mengi yakakauka. Leo kila boma lina pampu yake ya mgongoni, na dawa hukadiriwa kwa kifuniko cha chupa. Ikiwa nyepesi, kupe wanaobaki ni wale walioizoea, na hao ndio wanaozaana.

Kwa hiyo mzigo wa kupima umehamia kwetu, na hapo ndipo ninapoona daktari wa mifugo anastahili shukrani zaidi ya anazopata. Chukua chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Ilibuniwa Muguga karibu na Nairobi, palepale mtafiti Walter Plowright na wenzake walipotengeneza ile ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Chanjo ya ndigana ni vimelea hai vya ugonjwa wenyewe. Huhifadhiwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache. Ndiyo maana daktari huwaomba majirani wakusanye ndama wao siku moja. Pamoja nayo hudungwa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kukaa mwilini muda mrefu inayovidhibiti vimelea hivyo, kulingana na uzito. Ndama akikadiriwa kilo 60 naye ana 90, dawa haitoshi, na chanjo humletea ugonjwa uleule. Basi ukimwona daktari amezungusha utepe wa kukadiria uzito kifuani mwa ndama, akiusoma mara ya pili, usimharakishe. Na baada ya chanjo endelea kupulizia dawa ya kupe: kupe wana magonjwa mengine.

Lakini kinachonigusa zaidi ni homa ya maziwa. Ng'ombe wa Freshiani mwenye maziwa mengi, hasa aliyezaa mara tatu au nne, huanguka ndani ya siku tatu za kuzaa. Masikio baridi, shingo imepinda kama herufi S, kichwa kimelazwa ubavuni. Jina linadanganya, kwa kuwa mwili hupoa badala ya kupata joto. Maziwa yamevuta kalisiamu kwenye damu upesi kuliko mifupa inavyoweza kuirudisha, na misuli imeishiwa nguvu. Daktari akiwa njiani, mkalishe kwa kifua na umwegemeze kwa magunia ya nyasi. Akilala ubavu, tumbo hujaa gesi na kumbana pumzi. Usimnyweshe kitu. Koo limelegea, kitaingia mapafuni.

Daktari huipasha chupa ya kalisiamu ya mililita 400 kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, kisha hutafuta mshipa mkubwa wa shingo. Dawa huingia polepole, dakika kumi hadi ishirini, mkono mmoja umeshika chupa, masikio yakifuatilia moyo. Mapigo yakivurugika, chupa hushushwa ili mtiririko upungue. Ukiharakisha, moyo husimama. Sindano ikichomoka mshipani, nyama ya shingo huvimba na hata kuoza. Chupa hiyo hiyo inauzwa kwenye agroveti yoyote, duka la dawa za mifugo, na wengi hujaribu wenyewe kwa sababu nauli na ada ya daktari ni nzito. Nawaelewa, ila siwezi kuwashauri hivyo.

Dawa ikikolea, misuli ya ubavu huanza kutetemeka. Ng'ombe hubeua, hukunya, masikio hupata joto. Daktari mwema haondoki hapo. Huketi kwenye ndoo, tochi mkononi, na kumwambia mwenye boma asikamue akamaliza kwa siku mbili za mwanzo, abakize maziwa kiweleni. Kisha ng'ombe huinua miguu ya nyuma, huyumba, husimama, na kumtafuta ndama wake.