Simu darasani: nilivyozipangia kazi

Nafundisha Baiolojia jioni, darasa la watu wazima wanaojiandaa na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ule wa kupata sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Simu ziliita hovyo, na kuzikataza nilishindwa: mama aliyeacha mtoto ana homa nyumbani utamwambiaje azime? Fundi cherehani akanishonea kitambaa cha kaki chenye mifuko 32, kila mmoja na namba yake. Simu zinaingia humo zikiwa kimya. Mwenye dharura anaweka yake mezani kwangu, ikiwaka namwita.

Zinatoka kwa kazi tu. Hadubini tunayo moja. Mmoja anasogeza kamera taratibu kwenye lenzi, anapiga picha seli za utando wa kitunguu, anawarushia wenzake kwa Bluetooth, bila bando. Juzi hata waliokaa nyuma kabisa walichora kiini.