Mashimo Kabla ya Mvua: Siku Tatu Dodoma

Shangazi alipiga simu Jumatatu usiku. "Mwanangu, Jumamosi hii ndiyo ya mwisho wa mwezi. Njoo unisaidie kuchimba."

Nikamuuliza kuchimba nini.

"Mashimo ya miti. Mvua ikitukuta hatujachimba, basi tena mpaka mwakani."

Ana miaka sabini na mbili na magoti yanamsumbua, lakini sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupanga kila kitu. Tulikuwa mwishoni mwa Novemba. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu kazini, nikakata tiketi ya treni.

Mara ya kwanza nilifika Dodoma mwaka 2010, nilipochaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Nilipanda basi Ubungo alfajiri na kushuka jioni, vumbi limejaa mpaka kwenye masikio. Safari hii niliondoka stesheni ya Dar es Salaam asubuhi baada ya kukaguliwa mzigo na kitambulisho, nikaketi dirishani, na kabla sijamaliza chupa ya maji tulikuwa tumeipita Pugu. Treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 25, 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Mama mmoja jirani yangu, anayepeleka dagaa na nazi Dodoma kila wiki, aliniambia sasa anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, akalala kwake. Kwake yeye maana ya treni ni hiyo, kwamba watoto wanamwona jioni.

Sehemu ninayoipenda ni baada ya Kilosa. Reli inaingia milimani, treni inazama kwenye mahandaki, giza, kisha mwanga, kisha giza tena. Chini unaiona reli ya zamani ya Wajerumani, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910, ikijipinda kando ya Mto Mkondoa. Mto huo umeibomoa reli hiyo mara nyingi mno. Kila masika makubwa tulikuwa tunasikia redioni kwamba treni imekwama kati ya Kilosa na Gulwe. Ukipita Gulwe na Igandu nchi inabadilika ghafla. Kijani kinabaki nyuma, inabaki miiba, mibuyu, na yale mawe makubwa yaliyobebana kama mtu aliyapanga kwa mkono.

Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, nje kidogo ya mji. Nikashuka, upepo mkavu ukanipiga usoni, nikajua nimefika. Nilipanda daladala mpaka katikati ya mji, kisha nyingine ya Nzuguni, anakokaa shangazi, na njiani nilikuwa nageuza shingo kama mgeni kabisa. Mahali nilipopakumbuka kama pori la miba sasa pana maghorofa, taa za barabarani, vituo vya mafuta, hosteli, na kila baada ya hatua kadhaa bango la viwanja vinavyouzwa. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179, na manispaa ilikwisha kuwa jiji tangu Aprili 26, 2018. Namba hizo nilizisoma kabla ya safari. Kuziona zikiwa zimesimama foleni ya daladala saa kumi na moja jioni ni jambo jingine.

Shangazi alinipokea mlangoni kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", ingawa yeye mwenyewe si Mgogo. Mume wake alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa hapa mwaka 1978.

"Nilipofika tu nikaambiwa serikali yote inakuja," alisema huku akinipakulia ugali wa uwele na mlenda. "Uamuzi ulikuwa wa mwaka 1973. Nikakaa nikingoja. Nimezaa hapa, nimesomesha hapa, nimemzika mume wangu hapa, bado nangoja. Halafu mwaka 2016 nikasikia tena kwamba inakuja. Nikasema haya. Mara naona malori, naona mafundi, naona majirani."

Walianzia Majengo, wakahamia Nzuguni miaka ya tisini, wakati jirani wa karibu alikuwa mbali kiasi cha kumwita kwa kupaza sauti. Leo ukuta wa jirani umegusa ukuta wake, na ng'ambo ya barabara kuu kuna stendi kuu ya mabasi na soko kubwa. Hana kinyongo na hayo. Anafurahi kwamba hospitali iko karibu, kwamba hata saa nne usiku anaweza kutuma mtoto dukani. Kinachomkosesha usingizi ni kitu kimoja, na alinionyesha asubuhi yake kabla hata ya chai.

Nyuma ya nyumba yake kuna korongo. Nilipokuwa mwanafunzi lilikuwa mfereji mdogo tu, unauvuka kwa hatua moja. Sasa lina kina cha kunizidi kimo, na mdomo wake umekaribia choo cha jirani. Dodoma haipati mvua nyingi, kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka, lakini mvua yenyewe huja kwa kishindo, kati ya Desemba na Aprili. Zamani ilikuwa inaangukia kwenye nyasi na vichaka. Siku hizi inaangukia kwenye mabati na nyua zilizosakafiwa kwa matofali, haina pa kuzama, inakimbia yote kwenda bondeni. Kila nyumba mpya inayosakafiwa mpaka kwenye geti inamsukumia jirani wa chini maji yake. Hilo nililiona kwa macho yangu na sitaki kulizungusha: tunajenga vizuri ndani ya uzio na tunaliacha korongo likue nje ya uzio.

Saa moja asubuhi watu walianza kutoka na mafagio, majembe na mapanga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na mtaa huu umeamua siku hiyo isiwe ya kufagia tu. Tulizibua mtaro, tukakusanya mifuko na chupa, na saa tatu tukakaa chini ya mwarobaini kwa kikao. Mwenyekiti wa mtaa alisoma mambo yaliyo mbele yetu. Kuchimba mashimo kumalizike wiki hii. Miche igawiwe mvua ya pili ikinyesha, si ya kwanza, maana ya kwanza mara nyingi hudanganya. Januari wazazi wakutane kuhusu madawati ya shule. Wanawake wa kikundi cha ngoma ya muheme wafanye mazoezi kila Jumapili, kwa sababu siku ya kupanda miti itafunguliwa kwa ngoma. Na Agosti, sikukuu ya wakulima ya Nanenane ikifika hapo viwanjani, mtaa uwe na kibanda chake cha zabibu kavu na ubuyu.

Hoja ya miche ilichukua muda mrefu kuliko zote. Kijana mmoja mtumishi, aliyehamia na wizara yake, alitaka mitende ya kupamba. Mama mmoja akamuuliza mitende hiyo atainyweshea nini. Swali hilo hapa ni zito. Kwa miaka mingi mji huu umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, na visima hivyo vilihudumia mji mdogo. Vilivyochimbwa Nzuguni vimesaidia, lakini bado kila nyumba ina tangi na ndoo za akiba, na bwawa la Farkwa wilayani Chemba watu wamelisikia likitajwa miaka na miaka. Ndipo mzee mmoja, Mgogo wa hapa hapa, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kigoda, akasema, "Mnataka kununua mti, na mti mmeukanyaga."

Akatupeleka kwenye kiwanja kisichojengwa, hatua chache tu. Akainama, akaonyesha vichipukizi vilivyosongamana kama ufagio uliosimamishwa, vimetafunwa na mbuzi mpaka chini. Mimi ningeapa ni majani tu. Ni kisiki cha mgunga. Mti ulikatwa zamani, labda kwa mkaa, labda kwa shamba, lakini mizizi haijafa, iko chini kabisa inanyonya maji ambayo mche wetu wa kitalu hautayafikia kwa miaka kadhaa. Mzee akatoa kisu. Akachagua vichipukizi vitatu vilivyonyooka, akakata vingine vyote, akapunguza matawi ya chini ya vile alivyoviacha, akafunga kitambaa chekundu kwenye kimoja ili mtu yeyote ajue kina mwenyewe. Njia hii inaitwa Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeifundisha katika vijiji vingi vya mkoa wa Dodoma. Haihitaji mche, haihitaji ndoo ya maji. Inahitaji jicho, kisu, na majirani wanaofunga mbuzi wao.

Nilisimama pale nikikumbuka viwanja vyote nilivyoviona njiani vimekwanguliwa na greda mpaka udongo mwekundu ukabaki uchi. Mtu ananunua kiwanja, jambo la kwanza "anakisafisha". Anang'oa visiki vyote, anajenga, halafu anakwenda kutafuta mche wa kivuli wa kununua. Natamani kila anayepewa kiwanja Dodoma angetembezwa kwanza na mzee kama yule kwa nusu saa tu.

Kikao kikakubaliana mambo mawili. Visiki hai vilivyo kando ya korongo vichaguliwe, vipogolewe na kuzungushiwa wigo wa miiba, kama Wagogo walivyozungushia mazizi yao siku zote. Pasipo na kisiki, pachimbwe shimo. Miche itakuwa miarobaini, mizambarau na miembe. Yule kijana wa mitende alikuwa wa kwanza kuchukua sururu, na wala hakuna aliyemcheka.

Udongo wa pale ni mgumu. Shimo la sentimita sitini kwenda chini lilinichukua karibu saa nzima, na malengelenge matatu. Unatenga udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, kisha wa juu unachanganya na samadi, huo ndio utakaorudi kwanza kwenye mizizi. Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitoboa chupa za plastiki tulizookota asubuhi. Chupa moja itafukiwa kando ya kila mche, itajazwa maji ya kusuuzia vyombo, nayo yatadondoka kidogo kidogo kwenye mizizi badala ya kukaushwa na jua. Chupa zilizokuwa zinaziba mtaro saa mbili asubuhi, saa sita zilikuwa zimepangwa mstari kwa kazi.

Jumapili nilikwenda Mtumba kuuona Mji wa Serikali, kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya jiji. Majengo ya wizara ni makubwa, barabara ni pana, na miche imepandwa kando yake kwa mistari iliyonyooka. Mbele zaidi iko Chamwino, ambako Ikulu ilizinduliwa Mei 20, 2023. Nilipita pia kwenye kipande cha barabara ya mzunguko, ile ya kilomita 112.3, iliyokuwa inajengwa ili malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Congo yasilazimike kukatiza mjini. Nilivutiwa, nasema kweli. Mwanafunzi wa mwaka 2010 aliyekuwa anahesabu siku za kurudi Dar asingeamini. Lakini nilijikuta natazama chini zaidi ya juu, nikitafuta visiki.

Jioni wanawake wa muheme walikuwa uani kwa shangazi, ngoma zimebanwa katikati ya magoti, na hapo hayakuonekana kuwa magoti yanayouma. Miongoni mwao kulikuwa na Mgogo, Mrangi, Mchaga, na mama mmoja kutoka Bukoba aliyehamia na mumewe miezi minane iliyopita. Huyo alikuwa anakosea mapigo, anarudia, anakosea tena. Shangazi alimshika mkono akaugonga kwenye ngozi taratibu mpaka ukashika. Nilimuuliza mama yule kama ameuzoea mji. Akaniambia miezi sita ya mwanzo hakumjua hata mtu wa mlango wa pili. Alimjua siku mtaro ulipoziba, wakatoka wote wawili na koleo.

Jumatatu asubuhi kabla ya treni, shangazi alinirudisha korongoni. Kila shimo limewekewa jiwe, na jiwe limepakwa namba kwa chokaa. Namba hizo zimeandikwa kwenye daftari la mtaa pamoja na jina la mwenye kulitunza. Alikuwa ameliazima daftari hilo kwa mwenyekiti ili nione kwa macho yangu. Shimo la 23, mzambarau, jina lake. Shimo la 24, mwembe, jina langu.

"Mimi naishi Dar, shangazi."

"Treni si ipo? Februari zabibu zinavunwa. Utakuja ule zabibu na ukague mti wako. Wiki nyingine zote nitaujazia chupa mimi."

Akanipa kifurushi cha ubuyu na kunisindikiza mpaka kituo cha daladala, akitembea polepole, akisimama kila anapoona kitambaa chekundu kuangalia kama mbuzi hawajapita.