Dar hadi Mwanza: hesabuni kutoka mlangoni

Kwa ndege, Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850. Kwa barabara zinafika 1,140 hivi. Ukitazama ramani utaona sababu: ndege inakata moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi, inaziacha Dodoma na Singida kushoto, na Ziwa Eyasi linabaki kulia. Basi halina njia hiyo. Linapita Morogoro, Dodoma, Singida, linateremka mlima wa Sekenke, linaipita Igunga mpaka Nzega, ndipo linageuka kuitafuta Shinyanga na Ziwa Victoria.

Angani ni kama saa moja na nusu. Mkipata Airbus inapungua kidogo, mkipandishwa ndege ya pangaboi inaongezeka kidogo. Ndilo jibu ambalo kila mtu hupewa akiuliza safari ni ya muda gani, nami naona halimsaidii msafiri. Mimi naishi Mbagala na mama yangu yuko Sengerema. Foleni ya kwenda uwanjani peke yake inaweza kula muda sawa na ule wa kuruka, halafu kuna kukaguliwa na kusubiri, na kaunta ikifungwa imefungwa. Mwanza nako uwanja uko Ilemela, nje kidogo ya mji, kando ya ziwa.

Kisha, kwa kuwa Sengerema iko ng'ambo ya ghuba ya ziwa, kulikuwa na kivuko. Ndugu zangu wa Sengerema na Geita wanajua ninachosema: unafika Kigongo, unahesabu magari yaliyo mbele yako, unaiona Busisi ng'ambo kabisa na huwezi kuifikia. Nilikuwa nikisafiri kwa sababu mama anaumwa, na moyo uliniuma pale zaidi ya mahali popote njiani. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na sasa unavuka kwa dakika chache tu. Kwangu, hakuna ndege iliyowahi kuifupisha safari hii kama daraja lile.

Basi nalo limebadilika. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo unaweza kuondoka stendi ya Mbezi jioni badala ya kuamka alfajiri ya giza. Bado ni safari ndefu, miguu inavimba. Mwenye wazee au watoto wadogo ningemshauri apande Mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR, mpaka Dodoma, alale huko, aendelee na basi kesho yake. Nauli haitafika ya ndege, na mwili utamshukuru.

Kwenye ugonjwa au msiba nakata tiketi ya ndege bila kufikiri mara mbili, hata kama ni ya kukopa. Wakati wa kurudi napanda basi, maana mama hakubali niondoke bila michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na sato wa kukaushwa, na mzigo wa namna hiyo ndege itaulipisha kuliko tiketi yangu.